Sura ya Sita: Adhabu ya Jasho

Zoezi ni lilelile. Kuruti anachuchumaa, anashika masikio kwa mikono miwili, anaruka kichurachura kutoka mlingoti wa bendera hadi ukuta wa jiko, kisha anarudi. Saa kumi na mbili asubuhi, kombania nzima ikiruka pamoja baada ya mchakamchaka, mkufunzi akihesabu kwa sauti na kila mtu akijua ni mizunguko miwili, hayo ni mazoezi. Saa saba mchana, kuruti mmoja akiruka peke yake kwa kuwa alisinzia kwenye somo la silaha, na afande aliyekaa kivulini hajasema mwisho ni wapi, hiyo ni adhabu. Vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) upande wa Tanzania wangesema jamaa anakula doso. Mapaja yake hayajui sababu ya kuruka. Yanachojua ni idadi, na idadi haijatajwa.

Nimeuleta mjadala huu wa mpaka kati ya mazoezi na adhabu kaskazini mwa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji, kwenye pwani inayoanzia mdomo wa Ruvuma, ikapita Quionga, Palma na Mocímboa da Praia, ikateremka Macomia hadi Ibo na visiwa vya Kirimba. Kuna pwani chache za Afrika Mashariki zilizokanyagwa na buti nyingi kiasi hicho. Wajerumani walikaa Quionga hadi Wareno walipoiteka Aprili 1916. Waingereza wakashusha vikosi vya King's African Rifles (KAR) Porto Amélia, Pemba ya leo, kumsaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, aliyevuka Ruvuma Novemba 1917. Ikaja FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, wakaja makomando wa Kireno, na tangu shambulio la waasi wenye itikadi kali huko Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 wamekuja jeshi la Msumbiji lenyewe, Wanyarwanda, wanajeshi wa SADC na wakufunzi wa Umoja wa Ulaya. Kila jeshi lilikuwa na namna yake ya kumtia adabu askari wake, na mara nyingi namna hiyo haikubaki kambini. Ilitoka getini, ikamfikia mvuvi na muuza mihogo.

Zamani adabu ilikuwa kiboko. Chini ya Mjerumani, viboko 25 vilizoeleka hata vikawa na jina lake, hamsa ishirini, na askari aliyekuwa akiwachapa raia alikuwa mwenyewe mtu wa kuchapwa. Kwa Mreno ilikuwa palmatória, ubao wenye mpini na matundu uliopigwa viganjani hadi vikavimba. Sipai, askari mwafrika wa utawala wa Kireno, aliubeba kijijini kwa aliyekimbia chibalo, yaani kazi ya kulazimishwa, au aliyezembea shamba la pamba. Uingereza ilifuta viboko katika jeshi lake la nyumbani mwaka 1881, lakini askari wake wa Kiafrika waliendelea kuchapwa hadi 1946, tena baada ya wengi wao kurudi kutoka Burma na medali kifuani. Tofauti ya miaka 65 inaeleza kuliko hotuba yoyote ni mwili wa nani uliohesabiwa kuwa wa kupigwa.

Kiboko kilipoondolewa mkononi mwa sajenti, haja yake ya kumtia mtu adabu papo hapo haikuondoka. Jeshi la Waingereza lilikuwa tayari na dawa ya zamani: kumtembeza mkosaji uwanjani na mzigo kamili mgongoni, mbele, nyuma, geuka, mpaka muda uishe. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mazoezi yalipopewa kazi ya pili ambayo hayakuumbiwa. Yalifaa sana kwa kazi hiyo. Hayaachi alama mgongoni, hayahitaji karatasi wala shahidi, na mkubwa akiuliza, jibu ni rahisi: tulikuwa mazoezini.

*

Ili kuona njia nyingine tuvuke Ruvuma, twende Nachingwea.

Nachingwea na Kongwa yalikuwa maeneo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliofilisika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tanzania iliwapa FRELIMO nafasi Kongwa mwaka 1964, na mwaka uliofuata kambi kubwa ikafunguliwa Nachingwea, karibu zaidi na mpaka. Walioingia wengi walitoka pwani na nyanda za Cabo Delgado: Wamakonde waliokumbuka risasi ambazo Wareno waliufyatulia umati Mueda tarehe 16 Juni 1960, Wamwani, Wamakua, na vijana waliokuwa wakikata mkonge Tanganyika. Mkuu wa mafunzo alikuwa Samora Machel, muuguzi wa zamani aliyefunzwa vita Algeria. Filipe Samuel Magaia, aliyeongoza ulinzi wa FRELIMO, alipouawa Oktoba 1966, Samora akashika jeshi zima.

Siku ya Nachingwea ilianza na mbio kabla jua halijatoka, ikaendelea na silaha, siasa, kusoma na kuandika, na mashamba. Watu walilima walichokula. Kuna jambo moja katika utaratibu ule ambalo vitabu vya vita hulipita haraka, nami naona ndilo kiini: jasho lilikuwa na matokeo yanayoonekana. Uking'oa kisiki, mahindi yanapandwa hapo. Ukibeba sanduku la risasi kutoka mto hadi ndani ya Cabo Delgado, kuna mtu mbele anayelisubiri. Na kamanda alitarajiwa kushika jembe. FRELIMO ilipiga marufuku fimbo na palmatória katika kambi na shule zake, ikizihesabu kuwa urithi wa mkoloni. Mkosaji alisimamishwa mbele ya wenzake, kosa likajadiliwa, naye akajikosoa. Haikuwa raha. Wapo ambao wangechagua viboko kuliko kusimama pale na kuvuliwa nguo kwa maneno.

Kwa nini jeshi la porini lilichagua njia hiyo? Itikadi ilichangia, hilo halina ubishi, na hata wakufunzi wa Kichina waliokuwa pale walitoka katika jeshi lenye desturi kama hiyo. Lakini kuna sababu ya kawaida zaidi. Mpiganaji wa msituni ana bunduki yake, anazijua njia za panya, na mpaka uko karibu. Ukimdhalilisha mchana, usiku analala hatua kumi kutoka kwako na hakuna polisi wa jeshi wa kukulinda. Anaweza kuondoka, na wengi waliondoka katika miaka ya mwanzo. Mkufunzi anayejua kwamba mwanafunzi wake anaweza kwenda zake hujifunza kueleza sababu za amri.

Mwaka 1967 kundi la wanawake 25, Josina Muthemba akiwemo, aliyekuja kuolewa na Samora, lilianza mafunzo hapohapo. Wazee wengi walipinga. Swali la kambi halikuwa tu kama wanawake wataweza mazoezi, bali kama mazoezi yatageuzwa njia ya kuwakomoa warudi nyumbani. Walimaliza, na Kikosi cha Wanawake kikaanza kazi ya kulinda vijiji vya maeneo yaliyokombolewa na kubeba vifaa vya vita kwa miguu, siku baada ya siku. Vita vilivyoanzia Chai, wilaya ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964, vilibebwa hivyo. Wareno walikuwa na ndege na malori. FRELIMO walikuwa na shingo za watu. Katika hali hiyo kumchosha mtu bure kwa adhabu kulikuwa ni kuyatupa mafuta ya gari lako mwenyewe.

Sitaki kuifanya Nachingwea iwe peponi. Ni pale pale, mwaka 1975, Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisomeshwa ungamo mbele ya umati, kisha akapelekwa Niassa na kuuawa bila kuonana na hakimu. Na tarehe 31 Machi 1983 serikali ya Samora huyohuyo ilipitisha sheria namba 5/83 iliyorudisha viboko hadharani kwa wahujumu uchumi, wezi na wengineo. Sheria hiyo ilidumu hadi 1989. Chama kilichoinyang'anya nchi palmatória kilirudi nyumbani na chikoti, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya kila zama: hali ni ngumu, watu hawasikii.

*

Upande wa pili wa vita ulikuwa na shule yake. Montepuez, ndani ya mkoa uleule, Wareno waliweka kituo cha makomando, kikosi walichokianzisha Angola mwaka 1962. Kwa komando, mateso ya mafunzo ndiyo mlango wenyewe wa kuingilia. Kiu, kukosa usingizi na kuburuzwa vichakani vilihesabiwa kuwa njia ya kumchuja mwanamume na kubakiza askari. Vita vikaisha 1974, himaya ikavunjika, lakini kozi ile ilibaki Ureno na mila zake nyingi.

Septemba 2016, kozi ya 127 ya makomando ilianza kwenye uwanja wa Alcochete, karibu na Lisbon, siku za joto kali. Makuruti wawili walikufa kwa kupigwa na joto: mmoja siku ileile ya kwanza, mwingine siku chache baadaye hospitalini, ini likiwa limeharibika. Wanajeshi 19 walifikishwa mahakamani, na hoja iliyotawala kesi haikuwa bunduki wala kilipuzi. Ilikuwa maji: nani alinyimwa, kiasi gani, na kwa nini. Miaka kumi kabla, Julai 2006, askari kijana wa kikosi cha Royal Welsh nchini Uingereza aliadhibiwa kwa mazoezi ya nguvu siku ya jua kali kwa utovu wa nidhamu. Alifika hospitalini akiwa na joto la mwili la nyuzi 41.7, akafa. Wakubwa wake watatu walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakaachiwa.

Nchi hizo mbili zina ambulansi, barafu na hali ya hewa ya wastani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sasa chukua adhabu hiyohiyo uilete Palma mwezi Januari.

Kaskazi inapovuma pwani hii, hewa inabeba maji. Jasho humpoza mtu kwa kukauka, na hewa iliyoshiba unyevu hailikaushi, linatiririka tu na kudondoka mchangani. Mtu anayeruka kichurachura anazalisha joto kwa misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ya mapaja na makalio, na joto hilo halina pa kutokea. Likipita nyuzi 40 ubongo unaanza kuyumba. Kuruti anajibu ovyo, anapepesuka, anamtukana afande. Hapa ndipo balaa ilipo: dalili ya ugonjwa inafanana kabisa na utovu wa nidhamu. Mkufunzi asiyefundishwa anaona jeuri, anaongeza mizunguko.

Kijana aliyetoka uwanda wa Mueda, kwenye ukungu na ubaridi wa asubuhi, anahitaji kama wiki mbili mwili wake uzoee pwani. Aliyefunga Ramadhani hajanywa tone tangu alfajiri, na mkufunzi aliyeletwa kutoka kusini mwa nchi huenda hata hajui mwezi umeandama. Halafu kuna damu yenyewe. Ukanda huu ni wa malaria tangu enzi, na kwa sababu hiyo watu wengi wana chembe moja ya kurithi ya selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Hawaumwi, wanacheza mpira, wanavua, wanaoa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba makuruti weusi wenye chembe hiyo walikufa ghafla mazoezini mara nyingi zaidi ya wenzao, karibu mara 28. Utafiti mwingine wa 2016, uliohusu wanajeshi weusi wapatao 48,000, ulileta habari njema na mbaya kwa pamoja: jeshi lilipokuwa na taratibu za maji, kivuli na mapumziko, tofauti ya vifo haikuonekana tena, lakini hatari ya misuli kuvunjika ilibaki juu kwa asilimia 54.

Misuli kuvunjika si usemi. Ukimlazimisha mtu kurudia tendo moja mara mamia, tena tendo asilolizoea, nyuzi za misuli hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Figo hupokea uchafu huo na kuziba. Siku ya pili kijana hawezi kushuka ngazi, mapaja yamevimba na kuwa magumu, na mkojo wake una rangi ya Coca-Cola. Wenzake wanamcheka kwamba ni laini. Kichurachura kinafanya hivyo kwa haraka kuliko mbio za kilomita kumi, kwa sababu mbio mwili unazijua, na anayekimbia akichoka hupunguza mwendo. Anayeruka kwa amri hana ruhusa ya kupunguza.

*

Nimsikilize na sajenti, maana naye ana lake. Anasema: samaki mkunje angali mbichi. Anasema kuruti aliyechelewa foleni nikimwandikia mashtaka nitamharibia faili na maisha, nikimpa pushapu 20 tumemalizana, anacheka, anarudi mstarini. Anasema vitani adui hatamwuliza kama amechoka. Yote hayo ni kweli, na wanaoandika kuhusu haki za askari wakiwa maofisini hawayapi uzito wake. Adhabu ndogo ya papo hapo, iliyo wazi na yenye mwisho, ina heshima ndani yake. Askari wengi wangeichagua kuliko kukaa mahabusu.

Tatizo linaanza pale idadi inapokuwa siri ya afande. Kitabu cha mazoezi cha jeshi la Marekani cha mwaka 2012, jeshi ambalo hakuna anayelidhania kuwa laini, kilisema zoezi la kumrekebisha askari lichaguliwe kutoka orodha maalumu na marudio yasizidi matano. Matano! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilidhani limekosewa chapa. Lakini fikiri kidogo. Lengo la adhabu ni askari ajue amekosea, na pushapu ya kwanza imeshamjulisha. Zinazofuata ni za hasira ya anayehesabu.

Hoja ya vita nayo nairudisha kwa mwenyewe. Agosti 2020 bandari ya Mocímboa da Praia iliangukia mikononi mwa waasi, na Machi 24, 2021 wakaingia Palma. Askari wa serikali walioshindwa hawakushindwa kwa kukosa kichurachura. Walikosa risasi, chakula, mawasiliano na makamanda waliokaa nao mahandakini. Wanyarwanda waliotua Julai 2021 waliingia Mocímboa pamoja na jeshi la Msumbiji tarehe 8 Agosti, na kilichosemwa na wenyeji zaidi ya yote ni kwamba walipiga doria kwa miguu na kuwasalimu watu, wengi wao kwa Kiswahili. Huko Mueda na Nangade, wazee waliopita Nachingwea ujanani waliingia tena msituni na Força Local, kikosi cha wanamgambo wenyeji, pamoja na watoto wao. Hakuna sajenti aliyewarusha kichurachura wazee wale. Walikuwa wakilinda makaburi yao.

Halafu kuna kule nje ya geti, mahali ninapoona gharama kubwa kuliko zote. Machi 2021 Amnesty International ilitoa ripoti ikizituhumu pande zote za vita hivi, vikosi vya serikali vikiwemo, kwa kuua na kutesa raia. Siwezi kusema mateso yale yalifundishwa uwanjani kwenye jua la saa saba. Ninachosema ni hiki: kijana wa miaka 19 aliyefundishwa kwa miezi kadhaa kwamba kosa hulipwa kwa maumivu ya mwili, kwamba mwenye cheo haulizwi, na kwamba kumcheka anayeteseka ni sehemu ya maisha ya kikosi, kisha akapewa bunduki na kizuizi cha barabarani kati ya Awasse na Palma, tayari amepewa mfano wa nini cha kumfanyia mvuvi asiye na kitambulisho. Wavuvi wa pwani hii kupoteza vitambulisho ni jambo la kawaida. Nyumba zao ziliungua pamoja na makaratasi.

Umoja wa Ulaya, uliofundisha kombania 11 za Msumbiji kuanzia mwishoni mwa 2021, uliingiza sheria za vita na haki za raia kwenye ratiba. Ni jambo jema. Ila somo la darasani la saa moja kuhusu utu haliwezi kushinda somo la uwanjani linalotolewa kila siku na mtu yuleyule anayegawa chakula. Kama serikali ya Msumbiji inataka jeshi ambalo mama wa Quissanga hatalikimbia, ianzie kwa kuandika kwenye kanuni za kambi ni mazoezi gani yanaruhusiwa kuwa adhabu, mangapi, saa ngapi, na nani asimamie. Maji yasihesabiwe kamwe kuwa zawadi. Makuruti wapimwe selimundu siku ya kuandikishwa, ili aliye nayo apande polepole na mkufunzi wake ajue, asifukuzwe. Na anayetoa adhabu aifanye pamoja na anayeadhibiwa. Kanuni hiyo ya mwisho haigharimu hata metikali moja, nayo hupunguza idadi haraka sana.

Nawe msomaji ambaye kijana wako yuko kambini, iwe Montepuez, Munguíne au ng'ambo ya Ruvuma, mwambie mambo mawili kabla hajaondoka. Mwenzake akianza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka juani, wamlaze kivulini, wamvue shati, wammwagie maji ya kisima mwili mzima na kumpepea bila kusubiri gari, kwa sababu nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Na akikojoa mkojo mweusi baada ya doso, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama afande atamwita mwoga.